Bega ndilo humstaafisha fowadi

Raga ya ligi, ile ya wachezaji 13 inayopendwa kaskazini mwa Uingereza na mashariki mwa Australia, haijulikani sana kwetu. Tumezoea ya 15 na ya saba. Kwangu mimi fizio, kanuni moja ya mchezo huo inaeleza karibu kila jeraha. Mchezaji akiangushwa na mpira, hakuna kuugombania chini. Anainuka, anausukuma nyuma kwa mguu, na safu ya wapinzani inatakiwa iwe imerudi mita 10. Timu ikiangushwa mara 6 inaachia mpira. Fowadi, yaani mchezaji mzito wa safu ya mbele, anapopewa pasi, basi, pande zote mbili zimeshapata nafasi ya kushika kasi kabla ya kugongana. Na hatumwi kukwepa. Anatumwa aingie palipojaa watu, asonge mita chache, ainuke haraka.

Sam Burgess aliifanya kazi hiyo vizuri kuliko wengi niliowahi kuwatazama. Alizaliwa Dewsbury mwaka 1988, akaanzia klabu ya Bradford, akahamia South Sydney ya Australia mwaka 2010. Fainali ya ligi ya Australia ya tarehe 5 Oktoba 2014 ndiyo iliyomtangaza: mbio zake za kwanza tu, uso wake ukagongana na kichwa cha Mwingereza mwenzake James Graham wa Canterbury, wapinzani wao, na mfupa wa shavu ukavunjika. Alicheza hadi kipenga cha mwisho. South Sydney walishinda 30-6, taji lao la kwanza tangu 1971, na yeye akatwaa medali ya Clive Churchill ya mchezaji bora wa fainali.

Kila mtu anakumbuka lile shavu. Lakini mfupa wa shavu ukivunjika, daktari anaurudisha mahali pake, anaufunga vibati vidogo ikihitajika, nao unaunga. Baada ya hapo Burgess alienda klabu ya Bath, Uingereza, kucheza raga ya 15, akaichezea Uingereza Kombe la Dunia la 2015, kisha akarudi Sydney kwenye ligi. Alistaafu Oktoba 2019 akiwa na miaka 30 tu. Kilichomshinda ni bega.

Kiungo hiki kimeumbwa ili mkono uzunguke kila upande, na gharama yake ni uimara. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa kama mpira juu ya kisahani, kikizuiwa na ukingo wa gegedu (ile tishu laini ngumu ya kwenye viungo), kano zinazounganisha mifupa, na misuli minne midogo inayokizunguka. Fowadi anapokaba mtu wa kilo 110 huku mkono umenyooka pembeni, uzito wote unavuta kichwa hicho kitoke mbele. Ukingo unachanika. Gegedu lina damu kidogo, kwa hiyo haliungi kama mfupa. Upasuaji unaweza kuushona, ila bega lililotoka mara kwa mara huendelea kusagika ndani.

Mchezaji wa namna hii akija kwangu, namlaza chali, nauinua mkono wake pembeni hadi usawa wa bega, kiwiko kimekunjwa, kisha naugeuza polepole kuelekea nyuma ya kichwa. Kabla maumivu hayajafika, kifua kinakaza na mkono wake wa pili unakuja kunizuia. Mwili umeshajua bega linataka kutoka. Mdomoni atasema, "Niko sawa, daktari, Jumamosi nacheza."

Hapo ndipo ninapogombana na makocha, na sitaacha. Wanahesabu mara ambazo kijana amekaba siku ya mechi, wanasahau mazoezi ya Jumanne na Alhamisi, ingawa bega halijui tofauti. Nataka mazoezi ya kugongana yahesabiwe na yawekewe kikomo, ile misuli minne ifanyiwe kazi kila wiki hata msimu ukiwa umeisha, na bega likishatoka mara ya kwanza, lipigwe MRI, picha ya kuonyesha ndani ya kiungo, kabla mwenye nalo hajavaa tena jezi.