Mpira ukiwa mtelemkoni: jua kwanza fimbo inagusa ardhi wapi

Mkeka wa uwanja wa mazoezi ya gofu huficha makosa. Fimbo ikitua sentimita 5 nyuma ya mpira, huteleza juu ya mkeka na bado ikaufikia, nawe ukaridhika. Pigo hilohilo kwenye mtelemko hung'oa udongo, mpira ukasogea mita chache tu. Kwa hiyo toka kwenye mkeka, tafuta kilima chenye nyasi. Kabla ya kupiga, zungusha fimbo mara mbili tatu pembeni mwa mpira, kwenye mwinamo uleule, utazame inakwaruza wapi. Hapo ndipo mpira unapotakiwa kukaa kati ya miguu yako. Kwenye mchezo wenyewe, fanya hivyo mbali kidogo na mpira: ukikandamiza nyasi au udongo nyuma yake ili upate nafuu, Kanuni ya 8.1 ya gofu inakuongezea mapigo mawili ya adhabu katika mchezo wa kuhesabu mapigo.

Maelezo yafuatayo ni ya mpigaji wa mkono wa kulia; wa kushoto ageuze pande.

Mpira ukiwa juu kuliko miguu yako, shika fimbo chini kidogo, sentimita 2 au 3, na usiiname sana. Uso wa fimbo utatazama kushoto, basi lenga kulia. Kadiri uso wa fimbo ulivyolala ndivyo mpira unavyopotea zaidi, kwa hiyo weji (fimbo fupi yenye uso uliolala sana) huhitaji kulengwa kulia zaidi kuliko aironi namba 5 (fimbo ya chuma iliyo ndefu zaidi).

Mpira ukiwa chini kuliko miguu yako, kazi ni ngumu zaidi. Kunja magoti, tanua miguu, uzito uwe karibu na visigino. Kosa kubwa ni kunyanyuka kabla ya kugonga: fimbo hupita juu ya mpira au huugonga kichwani. Zungusha robo tatu tu, magoti yabaki yamekunjwa hadi mpira uondoke. Lenga kushoto, maana utakwenda kulia.

Kupiga kuelekea juu ya kilima ni rahisi: mabega yafuate mwinamo, chukua fimbo ndefu kwa namba moja au mbili (namba 7 au 6 badala ya 8) kwa sababu mpira utaruka juu na kufika karibu, kisha lenga kulia kidogo. Kupiga kuelekea chini ndiko kunakostahili muda wako mwingi. Hapo ardhi ya nyuma iko juu kuliko mpira, na fimbo huigusa mapema. Simama ili mpira uwe nyuma ya katikati ya miguu, karibu zaidi na mguu wa kulia, uzito kwenye mguu wa kushoto, mabega yainame na kilima, na baada ya kugonga acha kichwa cha fimbo kiufuate mtelemko. Usijaribu kuunyanyua mpira. Utaruka chini na kubiringika mbali, hivyo chukua fimbo fupi zaidi.

Mpira ukitua kwenye kovu lililoachwa ardhini na fimbo ya mwingine, huruhusiwi kuuhamisha bila adhabu hata katikati ya njia (sehemu ya nyasi fupi kuelekea shimo); mpira huchezwa ulivyo. Simama ili uwe nyuma ya katikati ya miguu, mikono itangulie, ugonge kwa kushuka. Kwenye ardhi kavu isiyo na nyasi, epuka weji ya mchanga: tumbo lake pana (upande wa chini wa kichwa cha fimbo) hudunda na ukingo ukagonga katikati ya mpira.

Katika mazoezi tumia aironi namba 8 na nusu mzunguko. Usihukumu pigo kwa mahali mpira ulipotua. Tazama alama ardhini. Ikianzia nyuma ya mpira, sogeza mpira nyuma kwa upana wake mmoja, upige tena.