Usajili wa NDIS: anza na friji, faili litafuata

Waswahili wenzangu huku Australia wanaotaka kufungua kampuni ya kuhudumia watu wenye ulemavu karibu wote huniuliza swali lile lile: "Dada, nani ataniandikia zile sera?" Wanamaanisha faili la sera na taratibu, kurasa chungu nzima, linalouzwa mtandaoni likiwa tayari. Kazi yangu ni kuwaandaa watoa huduma kwa ukaguzi, na faili hilo huwa naliacha mwisho. Usajili unauliza yanayotokea ndani ya nyumba ya mtu. Karatasi zinakuja baadaye kueleza yale ambayo tayari mnayafanya.

Kwanza, nani analazimika? NDIS, mpango wa taifa wa Australia unaogharamia huduma za watu wenye ulemavu, ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2013. Watoa huduma wanasimamiwa na tume ya ubora na usalama, iliyoanza Julai 2018 New South Wales na South Australia, na kufika Western Australia mwisho kabisa, Desemba 2020. Mteja anayejisimamia fedha za mpango wake, yaani bajeti ya huduma anayopewa na NDIS, au mwenye msimamizi wa mpango, anaruhusiwa kwa huduma nyingi kumlipa mtu asiyesajiliwa. Yule ambaye fedha zake ziko chini ya wakala wa serikali hana ruhusa hiyo. Halafu kuna huduma zisizogusika bila usajili: nyumba maalumu za watu wenye ulemavu, usimamizi wa fedha za mipango, uandaaji wa mipango ya tabia (ile ya kumsaidia mtu mwenye tabia ngumu), na huduma yoyote ambayo ndani yake mteja anazuiwa kwa namna fulani. Serikali imetangaza pia kwamba kuanzia 1 Julai 2026 wanaotoa huduma ya makazi ya kusaidiwa, ile inayoitwa SIL, pamoja na majukwaa ya mtandaoni yanayowakutanisha wateja na wahudumu, nao watalazimika kusajiliwa.

Hapo kwenye kuzuia ndipo watu wetu wengi wanapokwama, tena bila nia mbaya. Chukua nyumba wanamoishi vijana watatu. Mmoja anaamka usiku wa manane na kula kila anachokikuta. Mhudumu, mama wa watu, mwenye huruma, ananunua kufuli na kulitia kwenye friji. Nyumbani kwetu hilo ni jambo la kawaida, mtoto akidokoa sana chakula kinafungiwa kabatini. Kwa sheria ya hapa, kufuli lile ni kizuizi cha kimazingira, moja ya aina tano za vizuizi vinavyodhibitiwa: kumtenga mtu peke yake, kumtuliza kwa dawa kwa ajili ya tabia yake, kumfunga kwa kifaa, kumshika kwa nguvu, na kumzuia asifikie vitu au sehemu fulani. Lazima kiwe ndani ya mpango wa tabia ulioandikwa na mtaalamu anayetambuliwa na tume, kiidhinishwe kwa utaratibu wa jimbo husika, na matumizi yake yaripotiwe kila mwezi. Na wale vijana wawili wengine, ambao hawana tatizo lolote na chakula, sasa wakitaka maziwa wanaomba ruhusa ndani ya nyumba yao wenyewe. Mkaguzi akiingia jikoni akaliona kufuli, faili zuri halitakuokoa. Naona ni haki kabisa. Watu hawa kwa miaka mingi wamefungiwa milango na watu waliosema wanawapenda.

Ukishajua huduma gani unataka kutoa, unachagua makundi ya usajili. Hapa nawasihi watu wazuie tamaa. Fomu ina makundi mengi na mtu anatia alama kila mahali, akidhani kampuni itaonekana kubwa. Kila kundi lina uzito wake. Kazi za nyumbani na usafiri huangukia kwenye uhakiki, ambao ni mapitio ya nyaraka: vyeti na bima, pamoja na jinsi unavyoshughulikia malalamiko, matukio na hatari. Ukiongeza kumwogesha na kumvisha mtu, umeingia kwenye ithibati, na kampuni nzima inakaguliwa kwa kiwango hicho. Wakaguzi wanasoma nyaraka, kisha wanakuja wenyewe, wanakaa na wahudumu, wanazungumza na wateja. Wateja wote wanahesabiwa kuwa wamo kwenye ukaguzi isipokuwa anayesema hataki, na ni wajibu wako kuwaeleza hilo mapema. Gharama yake ni maelfu ya dola. Usajili ukikubaliwa kwa kawaida unadumu miaka 3, na kwa walio kwenye ithibati kuna ukaguzi mwingine katikati, kama mwezi wa 18.

Maswali ya mkaguzi ni ya karibu sana. Tangu Novemba 2021 kuna kiwango kinachohusu chakula cha wenye shida ya kumeza. Kwa mteja wa namna hiyo, mkaguzi anaweza kumgeukia mhudumu wa zamu na kuuliza: chai yake inakorogwa iwe nzito kiasi gani? Anaketi vipi wakati wa kula? Akipaliwa utafanya nini? Mhudumu mzuri anajibu bila kufungua daftari, kisha anaonyesha karatasi ya mtaalamu iliyobandikwa ndani ya mlango wa kabati. Chai nyepesi ikiingia mapafuni inaleta nimonia, na magonjwa ya njia ya hewa ni miongoni mwa yanayoua sana watu wenye ulemavu. Sera ya kununua haijui chai ya mteja wako. Nimeshafungua faili nikakuta jina la kampuni nyingine kwenye ukurasa wa tatu.

Kuhusu wafanyakazi: kila aliye kwenye nafasi inayoweza kuwahatarisha wateja lazima awe na cheti cha uchunguzi cha NDIS, kinachodumu miaka 5. Cheti cha polisi peke yake hakitoshi tena. Wewe mwenyewe na viongozi wenzako mtachunguzwa pia: kufilisika, makosa ya jinai, kuwahi kufungiwa kufanya kazi hii.

Lakini usajili haumlindi mtu kama hakuna anayefika nyumbani kwake. Aprili 2020 mwanamke mmoja wa Adelaide mwenye mtindio wa ubongo alifariki baada ya kuachwa muda mrefu kwenye kiti, akitegemea mhudumu mmoja tu, na kampuni iliyomhudumia ilikuwa imesajiliwa. Mteja wako akiishi peke yake, usimwachie mhudumu mmoja. Mwingine aende, msimamizi aende, na waende bila kupiga simu kwanza.

Tukio zito, iwe kifo, jeraha kubwa, unyanyasaji au kutelekezwa, linaripotiwa kwa tume ndani ya saa 24 tangu ulipojua. Hakikisha mhudumu wa zamu ya usiku anajua ampigie nani saa nane za usiku, na kwamba huyo mtu anapokea.

Kama bado huna mteja hata mmoja, unaweza kufanyiwa ukaguzi wa muda, unaoangalia maandalizi yako tu, kisha ukaguzi kamili ufuate ukianza kazi. Omba bei kwa wakaguzi walioidhinishwa zaidi ya mmoja, na kumbuka kwamba anayekukagua haruhusiwi kuwa ndiye aliyekuandikia sera.