Barua ya "umeteuliwa" na masomo ya kiangazi chuoni

Februari iliyopita mama mmoja mwenye asili ya Kivu aliingia ofisini kwangu ameshika bahasha kubwa kwa mikono miwili. Karatasi nzito, muhuri wa dhahabu chini. "Mwalimu," akaniambia, "mutoto wangu wamemuchagua." Binti yake yuko darasa la 11 hapa Ohio. Barua ilimpongeza kwa "kuteuliwa" kusoma siku 10 za kiangazi kwenye chuo kikuu chenye jina. Ukurasa wa tatu ndio uliotaja ada, zaidi ya dola 4,000, na amana isiyorudishwa. Mama alishaongea na kikundi chao cha kanisa wamkopeshe.

Mimi ni mshauri wa wanafunzi wa sekondari, na barua za namna hii hunifikia kila mwaka. Nikamsomea maandishi madogo ya mwisho: masomo yanafanyika ndani ya majengo ya chuo, ila chuo chenyewe hakihusiki. Yaani kampuni imekodi mabweni na madarasa kwa kuwa wenyewe wako likizo. Ofisi ya udahili ya chuo kile haimjui huyu binti. Biashara hiyo ni halali, lakini hakuna aliyemchagua. Jina lake lilipatikana kwenye orodha, basi. Naumia kila ninapoona familia iliyotoka kambini ikijiandaa kubeba deni kwa sababu ya neno moja kwenye barua.

Vyuo vingi navyo huendesha masomo yao wenyewe ya kiangazi kwa wanafunzi wa sekondari, Harvard kikiwemo. Hayo ni masomo ya kweli, mengine humpa mtoto alama za kuhesabiwa chuoni baadaye. Kama mzazi anamudu, au chuo kimekubali kupunguza ada, mtoto aende. Asiende tu akidhani amejiwekea nafasi ya kudahiliwa pale. Hajaiweka.

Programu za kiangazi ninazozipigania mimi ni zile ambazo ni ngumu kuingia, na nyingi kati yake mzazi halipi ada. MIT, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia, wana programu ya MITES, iliyoanza mwaka 1975: wiki 6 za hesabu, fizikia na masomo mengine, mtoto analala na kula bila malipo, nauli tu ndiyo juu ya familia. Wanataka raia wa Marekani au mwenye green card, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu. Hapa wakimbizi wengi hujitoa bure, wakati mkimbizi huruhusiwa kuomba green card akishatimiza mwaka mmoja nchini. Ukiwa na barua ya hiyo kadi imelala kwenye droo, ifuatilie sasa. Kwa mtoto wa kusoma na kubishana kuna semina za kiangazi za shirika la Telluride, nazo bure, na walio nje ya Marekani huruhusiwa kuomba. Hakuna alama za kujivunia. Insha ndizo zinazompitisha mtu.

Halafu kuna Ross, programu ya hesabu ambayo Arnold Ross aliianzisha mwaka 1957. Ada ipo, na msaada upo kwa asiye nayo. Wiki 6 karibu zote ni nadharia ya namba. Maswali yao mengi huja hivi: thibitisha au kanusha, na ukikanusha, okoa kinachookoka.

Yule binti anapenda hesabu, kwa hiyo nikamwandikia moja kwenye karatasi: chukua namba yoyote nzima kuanzia 0, izidishe kwa yenyewe, ujumlishe na ile namba uliyoanza nayo, kisha ongeza 41. Jibu ni namba tasa daima, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Akaanza palepale, mama yake akimtazama. 41, 43, 47, 53, 61. Zote tasa. "Ni kweli," akasema. Nikamwambia aende nayo nyumbani.

Kesho yake alinisubiri mlangoni kabla ya kengele. Alikuwa amejaribu moja baada ya nyingine, kurasa nne za daftari, mpaka 40, ikatoka 1,681, ambayo ni 41 mara 41. Chini yake alikuwa ameandika alichookoa: kuanzia 0 hadi 39 kauli inasimama, na kila namba inayogawanyika kwa 41, ukiacha 0, lazima iiangushe. Sababu aliieleza kwa Kiswahili, kwani ndicho alichofikiria nacho usiku ule.

MITES na Telluride zilikuwa zimeshafunga. Hizo huombwa mapema mno, na mtoto wa darasa la 10 au 11 anapaswa kuanza insha zake Novemba na kumwomba mwalimu barua kabla ya Krismasi. Ross bado walikuwa wanapokea. Maombi yao yana maswali ya hesabu ya kutatua mwenyewe, pasipo kusaidiwa, kwa hiyo sikuyagusa. Nilichofanya ni kukaa na mama tukajaza fomu ya msaada wa ada, mstari kwa mstari, kwa karatasi zake za mshahara.