Ukiwa Kwenye Siku Zako, Unaweza Kushika Mimba?

Swali hili tunaulizwa mara kwa mara kliniki ya uzazi wa mpango, na karibu kila mara kwa sauti ya chini, mlango ukishafungwa: "Nesi, nilikuwa kwenye siku zangu, nikajua niko salama. Mwezi huu sijaona kitu. Inawezekana?"

Inawezekana. Si kwa kila mwanamke, wala si kwa kila siku ya hedhi.

Mbegu za mwanaume zinaweza kukaa hai mwilini mwa mwanamke hadi siku 5. Yai likishatoka kwenye ovari huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu ndizo zinazoweza kutangulia na kusubiri. Yai ni mpita njia. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Allen Wilcox walionyesha kuwa mimba hutunga pale tendo linapofanyika siku ile yai linapotoka au ndani ya siku 5 kabla yake. Siku 6 kwa jumla. Swali ni moja tu: siku hizo 6 zinaangukia wapi?

Hapo ndipo "siku ya 14" tuliyofundishwa shuleni inapotuponza. Siku ya 14 ni ya mwenye mzunguko wa siku 28. Kipande cha mzunguko kisichobadilika sana ni kile cha mwisho, tangu yai kutoka hadi hedhi inayofuata, ambacho huwa takriban siku 14. Ukirefuka au kufupika mzunguko, mara nyingi ni kile kipande cha mwanzo kimebadilika. Kwa hiyo siku ya yai huhesabiwa kwa kurudi nyuma, tena kutoka kwenye hedhi ambayo bado haijafika. Unaona ugumu wa kalenda uliko.

Dada mmoja alikuja na mumewe, amekunja kalenda ya ukutani mkobani, tarehe amezizungushia kwa kalamu nyekundu: Januari 4, Januari 27, Februari 21, Machi 19, Aprili 12, Mei 11, Juni 3. Kilichomleta ni Januari. "Naona mara mbili kwa mwezi, nesi, nina tatizo gani?" Hana tatizo. Kutoka tarehe 4 hadi 27 ni siku 23, na mzunguko wa kawaida kwa mtu mzima ni siku 21 hadi 35. Mwezi wa ukutani haujui habari za mwili wake.

Tukahesabu pamoja. Siku ya 1 ni ile damu inapoanza, si inapokata. Wengi hukosea hapa. (Ikianza usiku, usijisumbue kubishana kama ni Jumatatu au usiku wa kuamkia Jumanne. Chagua utaratibu mmoja ushike huo huo.) Mizunguko yake sita ilikuwa siku 23, 25, 26, 24, 29 na 23. Kanuni ya kalenda, iliyotokana na kazi ya Ogino wa Japani na Knaus wa Austria miaka ya 1920, inasema: chukua mzunguko mfupi kuliko yote utoe 18, upate siku ya kwanza ya hatari, chukua mrefu kuliko yote utoe 11, upate ya mwisho. 23 toa 18 ni 5. 29 toa 11 ni 18. Siku zake za hatari ni ya 5 hadi ya 18.

Nikamuuliza damu hutoka siku ngapi. "Sita." Basi siku ya 5 na ya 6 damu bado inatoka, na tayari yumo hatarini. Kwa wanandoa Waislamu, ambao hukaa mbali hadi hedhi ikatike na mke aoge josho, hesabu hii haibadiliki: mwenye mzunguko mfupi anaweza kutoka bafuni akiwa ameshaingia siku za hatari.

Tena si kila damu ni hedhi. Wapo wanaotoka matone yai linapotoka, yaani siku yenyewe ya hatari, na wapo wanaotoka matone mimba ikiwa ndiyo inajishikiza. Anayetumia sindano au kijiti naye anaweza kuona damu isiyo na ratiba. Ukiona imekuja nje ya mpangilio, usianze kuihesabu kama siku ya 1.

Dada huyu aliulizia pia shanga, ule mkufu wa punje 32 wenye kipete cha mpira unachosogeza kila siku. Shanga zinafaa kwa mwenye mzunguko wa siku 26 hadi 32, naye huepuka siku ya 8 hadi ya 19. Mwenye 23 zitamdanganya. Hata kwa anayefaa, katika wanawake 100 wanaozitumia kama watu wa kawaida wanavyotumia, takriban 12 hupata mimba ndani ya mwaka.

Kuuchunguza mwili wenyewe kunasaidia zaidi kuliko kuhesabu peke yake. Karibu na yai kutoka, ute wa ukeni huwa mwepesi, unateleza, unavutika kati ya vidole kama ute wa yai bichi. Joto la mwili nalo, ukilipima asubuhi kabla ya kunyanyuka kitandani, hupanda kidogo yai likishatoka, kati ya nyuzi 0.2 na 0.5, na hubaki juu. Lakini malaria hupandisha joto pia, na fangasi huvuruga ute. Wakati wa hedhi ute hauonekani kabisa, kwa hiyo mwenye mzunguko mfupi anaikosa dalili palepale anapoihitaji.

Kama tendo limeshafanyika na una wasiwasi, usisubiri mwezi uishe. Vidonge vya dharura hutumika ndani ya siku 5, na kadiri unavyowahi ndivyo vinavyofanya kazi vizuri. Kitanzi cha shaba nacho kinaweza kuwekwa ndani ya siku hizo. Na kama hujui hali ya mwenzako, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72 tu.

Mume alikuwa kimya muda wote, anahesabu kwa vidole. "Kwa hiyo nesi, katika 23, tukitoa hizo na za damu, tunabaki na ngapi?" Tano, nikamwambia: ya 19 hadi ya 23. Wakatazamana. Waliondoka na kondomu, na miadi ya kurudi wiki inayofuata kuzungumzia kitanzi.