Je, wajua kwa nini mzee Bentham hajazikwa mpaka leo?

Ukiingia University College London, kwenye jengo la wanafunzi, utamkuta mzee mmoja kakaa kwenye kiti ndani ya boksi la kioo, kavaa koti jeusi na kofia pana ya majani, mkongojo wake mapajani, na wanafunzi wanapita na vitabu vyao wala hawamwangalii. Ukisema ni sanamu umepata nusu. Kichwa ni cha nta kweli, ila ndani ya zile nguo, katikati ya nyasi kavu zilizoshindiliwa ili mwili ujae, kuna mifupa ya mtu. Ni Jeremy Bentham mwenyewe, aliyefariki Juni 6, 1832 akiwa na miaka 84.

Hakukosa ndugu wala hela ya jeneza. Alikataa mwenyewe kuzikwa, tena kwa wosia.

Bentham alikuwa msomi wa sheria, na iwe sheria, jela au adhabu yeye aliuliza swali lilelile: hii inamfaa nani? Kwake jambo jema ni lile linaloleta furaha kubwa kwa watu wengi zaidi, basi. Sasa akaliuliza hata kuhusu maiti. Ikifukiwa ardhini inamfaa nani, kama siyo wadudu?

Hapo inabidi ujue Uingereza ya wakati ule ilivyokuwa. Wanafunzi wa udaktari walikuwa wengi na walihitaji miili ya kupasua ili wajifunze, lakini sheria iliwapa miili ya wauaji walionyongwa tu, hao wangetosha wapi. Basi ikazuka biashara, watu wanafukua makaburi usiku maiti ingali mbichi, wanaipeleka mlango wa nyuma kwa daktari, naye analipa bila kuuliza imetoka wapi. Huko Edinburgh, Uskoti, mwaka 1828 William Burke na William Hare hata kufukua hawakutaka, wakaua watu 16 na kuwauza kwa Dk. Robert Knox. Walipokamatwa Hare akamgeuka mwenzake, Burke akanyongwa 1829 na yeye akapasuliwa, mifupa yake ipo Edinburgh mpaka leo.

Kwa hiyo unaona tatizo: kupasuliwa ilikuwa adhabu ya muuaji, nani mwenye heshima zake angejitolea? Bentham alitaka kuivunja hiyo aibu kwa mwili wake. Na siyo mawazo ya uzeeni, wosia wa kwanza wa namna hiyo aliuandika 1769, kijana wa miaka 21.

Siku tatu baada ya kifo, rafiki yake Dk. Southwood Smith alisimama mbele ya maiti ya Bentham kwenye shule ya anatomia, yaani ya kupasua na kusoma mwili, ya Webb Street na kuanza kuhutubia, nje radi zinapiga mpaka nyumba inatikisika, yeye anaendelea tu, ila inasemekana uso ulikuwa umempauka mweupe kama wa yule aliyelala mezani. Agosti mwaka huohuo ikapita sheria mpya, ikaruhusu kupasua miili isiyo na wa kuidai, na hiyo ilitoka zaidi kwenye nyumba za mafukara. Yaani aliyejitolea ni msomi mwenye uwezo, waliobebeshwa mzigo ni maskini ambao hakuna aliyewauliza. Mimi hapo ndipo naona hesabu yake ya furaha inachechemea.

Chuo cha University College kilimpokea 1850. Wengi wanasema ndiye mwanzilishi wake, siyo kweli, ila waanzilishi walikuwa watu wa mawazo yake, wakapokea wanafunzi wa dini yoyote wakati Oxford na Cambridge zilikuwa za Waanglikana.

Na kichwa chake halisi je? Aliagiza kikaushwe kama Wamaori wa New Zealand walivyokausha vichwa. Smith akajaribu kwa asidi na pampu ya kuvuta hewa, kikakauka kweli, ila uso ukawa kama ngozi ya kiatu, hauna hata chembe ya Bentham, ndipo ikabidi watengeneze cha nta na kukipachika nywele zake mwenyewe. Kile cha kweli kiliwahi kuwekwa chini, katikati ya miguu yake. Mwaka 1975 wanafunzi wa King's College, chuo kingine cha London, wakakiiba, wakadai pauni 100 ziende kwa maskini. Chuo kikatoa 10, kichwa kikarudi, na siku hizi kimefungiwa mbali na mikono ya watu.