Nini maana ya kudhibiti vumbi na maji kwenye mwalo wa dhahabu?

Kwenye mialo ya wachimbaji wadogo, iwe Geita au Chunya, mawe husagwa kwa karasha hadi yawe unga, kisha unga huoshwa ili dhahabu ibaki. Kudhibiti vumbi na maji ni kuhakikisha unga huo hautoki mwaloni, usipeperushwe na upepo wala kuchukuliwa na maji. Ni kazi moja, maana vumbi lililotua chini leo ndilo tope la kesho mvua ikinyesha.

Mawe mengi ya dhahabu ni ya kwazi, jiwe gumu lenye weupe, na kwazi ni silika, madini yaleyale yaliyo kwenye mchanga. Chembe za kuogopwa ni zile zisizoonekana kwa macho. Hizo hufika ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna tiba, na mwenye nao hupata kifua kikuu kwa urahisi. Kitambaa cha kujifunga puani hakizizuii. Vumbi lizuiwe pale linapotokea: mawe yanyunyiziwe maji kabla ya kupondwa, karasha ifunikwe, sakafu iloweshwe kabla ya kufagiwa. Kusaga kwa maji ni bora zaidi. Na karasha isiwekwe kwenye makazi ya watu kabisa! Huko Zamfara, Nigeria, mwaka 2010 iligundulika kuwa mawe ya dhahabu yenye madini ya risasi yalikuwa yakisagwa majumbani. Watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi hiyo.

Kwenye maji, jambo la kwanza ni kutenganisha. Maji ya mvua yanayoteremka kutoka juu bado hayana sumu ya mwalo, kwa hiyo chimba mtaro upande wa juu uyapitishe pembeni. Yakiachwa yaingie, yatajaza bwawa la tope mpaka lifurike, na kila kitu kitaishia mtoni.

Maji yaliyoosha unga yaende bwawani tu. Mabwawa mawili yakifuatana hufaa: la kwanza hutuliza tope, la pili hupokea maji ya juu yaliyotulia, nayo hurudishwa kuoshea kwa pampu. Sakafu ya mabwawa iwe ya udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa. Bwawa la kwanza likikaribia kujaa, tope litolewe na kuwekwa ndani ya tuta. Hayo ndiyo marudio. Huwa bado yana dhahabu, na wenye mitambo ya sayanaidi, kemikali ya sumu inayoyeyusha dhahabu, huyanunua. Ila kama zebaki ilitumika kunasa dhahabu, mnunuzi aambiwe, kwa kuwa sayanaidi huiyeyusha zebaki na kuifanya isambae kirahisi zaidi kwenye maji.