Jembe la Siku ya Tatu: Dhana Potofu Kuhusu Maisha Baada ya Gereza

Mtu aliyekaa gerezani miaka mingi anaweza kufika nyumbani na kufanya jambo ambalo wenyeji hawalielewi: anasimama mbele ya mlango uliorudishiwa tu, akasubiri. Hakuna kufuli. Ni kwamba kwa miaka yote ile mlango ulifunguliwa na mtu mwingine, na mkono wake umesahau kazi ya kitasa. Mwaka 1940 mwanasosholojia wa Marekani, Donald Clemmer, alieleza jinsi mfungwa anavyozivaa taratibu za gereza kidogo kidogo hadi zikawa tabia yake. Wanaofanya kazi magerezani wanalijua hilo vizuri. Sisi tulio nje tuna mawazo yetu, mengi tumeyapokea bila kuyachunguza, na yanawaumiza watu wanaojaribu kuanza upya. Nayachukua yale ninayoyasikia mara nyingi zaidi.

"Akishatoka, shida zimekwisha"

Siku ya kutoka watu hulia kwa furaha, na ni haki yao. Lakini wiki zinazofuata ni za hatari kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia zaidi ya watu 30,000 walioachiwa kutoka magereza ya jimbo la Washington, Marekani. Katika wiki mbili za kwanza hatari yao ya kufa ilikuwa karibu mara 13 ya ile ya wakazi wengine wa jimbo hilo, na sababu iliyoongoza ni kuzidisha dawa za kulevya. Maelezo yake ni ya kimwili kabisa. Aliyekuwa akitumia heroini, akikaa muda mrefu bila kuigusa, mwili hupoteza uwezo wa kuihimili. Akirudi kwenye kipimo chake cha zamani, kile alichokizoea ndicho kinachomuua. Kama una ndugu anayetoka na alikuwa mtumiaji, mwambie hili waziwazi, tena mapema, wala usione haya. Ulizeni pia mnakoweza kupata naloksoni, dawa inayorudisha pumzi ya mtu aliyezidisha heroini.

Kisha kuna mambo madogo yanayoonekana si kitu mpaka uyakose: kitambulisho, mahali pa kulala usiku wa kwanza, nguo zinazofaa hali ya hewa, nauli. Kanuni za Nelson Mandela, ambazo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilizipitisha Desemba 2015 kuhusu namna ya kuwatendea wafungwa, zinayataja haya moja baada ya jingine katika kanuni ya 108. Kanuni ya 107 inakwenda mbali zaidi: inataka maisha ya mfungwa baada ya kuachiwa yaanze kufikiriwa tangu mwanzo wa kifungo chake. Ninapoisoma huwaza ni wangapi hutoka langoni wakiwa na mfuko wa plastiki mkononi, bila karatasi hata moja inayosema wao ni nani.

"La kuvunda halina ubani"

Hii ndiyo dhana nzito kuliko zote. Wanaoishikilia huwa na takwimu mkononi, basi tuziangalie vizuri.

Serikali ya Marekani iliwafuatilia wafungwa walioachiwa mwaka 2005 katika majimbo 30. Ndani ya miaka 3, asilimia 68 walikuwa wamekamatwa tena angalau mara moja. Ndani ya miaka 9, asilimia 83. Ukiishia hapo utasema mjadala umekwisha. Lakini kukamatwa si kutiwa hatiani, wala si kurudi gerezani. Tena ripoti hiyohiyo inaonyesha kwamba mwaka wa kwanza walikamatwa asilimia 44, na mwaka wa tisa asilimia 24. Moto ulikuwa ukipungua mwaka hadi mwaka.

Kuna pia kosa la kuhesabu ambalo hata watu makini huliangukia. Chukua wote walioachiwa katika mwaka mmoja: yule anayeingia na kutoka kila mara ana nafasi kubwa ya kuwemo katika kundi hilo, ilhali aliyefungwa mara moja tu maishani ana nafasi ndogo. Ni kama kukaa mlangoni mwa hospitali ukahesabu wanaoingia, kisha ukasema watu wote duniani ni wagonjwa wa kudumu. Watafiti waliolirekebisha kosa hili mwaka 2014, kwa kumhesabu kila mtu mara moja, waligundua kwamba katika kila watu watatu waliowahi kuachiwa kutoka magereza ya majimbo ya Marekani waliyoyachunguza, wawili hawakurudi gerezani tena.

Na umri? Tunasema samaki mkunje angali mbichi, tukimaanisha mtu mzima hakunjiki tena. Watafiti wa uhalifu Robert Sampson na John Laub walichukua kumbukumbu za zamani za wavulana 500 wa Boston, Marekani, waliopelekwa shule za kurekebisha tabia, wakawafuatilia hadi umri wa miaka 70. Karibu wote waliacha uhalifu, wengine mapema, wengine wakiwa wamekwisha kuota mvi. Mara nyingi palikuwa na kitu kilichowageuza: ndoa iliyotulia, kazi ya kudumu, jeshi. Mambo hayo yalimpa mtu ratiba mpya ya siku, marafiki wapya, na mtu wa kumuuliza "ulikuwa wapi?"

Watafiti wengine, Alfred Blumstein na Kiminori Nakamura, wao waliuliza swali ambalo kila mwajiri angepaswa kuuliza: mtu akae miaka mingapi bila kosa ndipo rekodi yake isitueleze tena lolote? Walitumia kumbukumbu za New York na kuchapisha majibu mwaka 2009. Kwa aliyekamatwa kwa unyang'anyi akiwa na miaka 18, ilichukua takriban miaka 8 bila kukamatwa tena, ndipo uwezekano wake wa kukamatwa ukalingana na wa watu wa rika lake kwa jumla. Kwa kosa la kuvunja nyumba na kuiba ilikuwa chini ya miaka 4. Ninachojiuliza ni kwa nini basi rekodi ya ujana imfuate mtu hadi uzeeni. Uingereza ina sheria tangu mwaka 1974 inayoruhusu hukumu nyingi zihesabike kuwa zimepitwa baada ya muda fulani, na mhusika halazimiki kuzitaja anapoomba kazi nyingi za kawaida. Ina mipaka yake, lakini angalau inakubali kwamba wakati unapita.

"Apate kazi tu, mengine yatajipa"

Kwanza kazi yenyewe haipatikani kirahisi hivyo. Mwanasosholojia Devah Pager aliwatuma vijana wa kiume waliofundishwa kujieleza kwa namna moja wakaombe kazi zilezile katika jiji la Milwaukee, Marekani. Tofauti ilikuwa rekodi ya gereza na rangi ya ngozi. Kwa Wazungu, walioitwa tena na waajiri walikuwa asilimia 34 bila rekodi na asilimia 17 wenye rekodi. Kwa Weusi ilikuwa asilimia 14 bila rekodi na asilimia 5 wenye rekodi. Matokeo hayo ya mwaka 2003 nayakumbuka kila ninaposikia mtu akisema "anayetaka kazi ataipata". Mzungu mwenye rekodi aliitwa zaidi kuliko Mweusi asiye na doa lolote.

Pili, si kila kazi inamshika mtu. Mwanasosholojia Christopher Uggen alichambua mpango wa zamani wa Marekani uliowapa ajira ya muda watu waliowahi kukamatwa, akaona mwaka 2000 kwamba uliwapunguzia uhalifu waliokuwa na umri wa miaka 27 na zaidi. Kwa vijana haukuleta tofauti ya maana. Nadhani sababu ni kwamba mtu mzima huiona kazi ileile kwa jicho jingine: ni ada ya mtoto, ni heshima kwa mama mzee. Kwa kijana wa miaka 20 inaweza kuwa jasho la kupitisha siku tu. Kwa hiyo ukimtafutia mtu kazi, uliza pia kazi hiyo inamwunganisha na nani. Nani atagundua asipofika?

Elimu ndani ya gereza nayo isidharauliwe. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba waliosoma wakiwa kifungoni walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kurudia makosa, tofauti ya takriban pointi 13 za asilimia.

"Familia itampokea, na maisha yataendelea pale yalipoishia"

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo pana maumivu yasiyosemwa.

Maisha hayakuishia popote. Yaliendelea bila yeye. Mke aliyeachwa na watoto wadogo alijifunza kuamua kila kitu peke yake, na alijifunza vizuri. Sasa anarudi mtu anayetaka kuwa baba mwenye nyumba wa zamani, na nyumba ile haipo tena. Mtoto aliyemwacha akitambaa ana simu yake, marafiki zake, na neno "baba" linamtoka kwa shida. Waliofariki wakati wa kifungo hakuwazika. Watu wengine walikwisha kulia na kunyamaza miaka mingi iliyopita, naye ndiyo kwanza anafika kaburini, na hakuna wa kulia naye.

Naye pia hayuko kama walivyomwacha. Anakula haraka haraka akiinamia sahani. Anaficha vitu vidogo. Kelele za funguo zinamshtua. Ukimuuliza anataka chai au kahawa anaduwaa, kwa kuwa kwa miaka hakuulizwa anataka nini. Kwenye umati anatafuta ukuta wa kuegemea. Wenyeji wakiyaona haya husema amekuwa mkali, au amekuwa mjinga, ilhali ni mtu aliyejifunza kuishi mahali pengine na anahitaji muda wa kujifunza tena hapa.

Kwa hiyo mapokezi huanza kabla ya siku ya kutoka. Katika jimbo la Minnesota, Marekani, watafiti waliwaangalia zaidi ya wafungwa 16,000 walioachiwa kati ya mwaka 2003 na 2007. Waliotembelewa gerezani walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kutiwa hatiani tena, kwa asilimia 13. Waliosaidia zaidi walikuwa ndugu wa kuzaliwa, wakwe, baba, na viongozi wa dini. Kinyume chake, ziara za wenzi walioachana nao ziliongeza hatari. Hilo linatufundisha kutolazimisha kila uhusiano urudi. Baadhi ya milango ya zamani ni bora ibaki imefungwa, hasa pale palipokuwa na kupigwa au ulevi, na mke au mtoto anayesema "siwezi kuishi naye" hajamsaliti mtu.

Kwa wanaompokea nina ombi moja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi humpumzisha mtu wao kwa upendo kabisa, wakamfanyia kila kitu, mwezi hadi mwezi. Anaanza kujiona mzigo. Mpe jembe mapema: kumpeleka mtoto shule, kumsindikiza bibi hospitali, kurekebisha bomba linalovuja.

"Yaliyopita si ndwele, asahau tu"

Mtafiti wa uhalifu Shadd Maruna aliwahoji watu wa Liverpool, Uingereza, waliowahi kuishi kwa uhalifu, walioacha na walioendelea, akachapisha aliyoyaona mwaka 2001. Mazingira yao yalifanana. Kilichotofautiana ni namna walivyosimulia maisha yao. Walioendelea walijiona wamekwisha kuhukumiwa na dunia, hawana la kufanya. Walioacha hawakufuta historia yao. Waliieleza kama njia ngumu iliyowaleta mahali ambapo sasa wanaweza kumfaa mtu mwingine, na wengi walitaka kuwasaidia vijana wanaopita njia ileile. Mtu akilazimishwa kunyamaza ananyang'anywa mali hiyo.

Hilo halimaanishi amweleze kila jirani. Kwa mwajiri, pale sheria inapotaka useme, maelezo mafupi yanatosha: nilitenda kosa gani, nilijifunza au kufanya nini tangu hapo, na leo naweza kukufanyia kazi gani. Dakika mbili, bila kujitetea na bila kujidharau.

"Akiteleza mara moja, amefeli"

Wengi huacha uhalifu kama watu wanavyoacha sigara, kwa kurudi nyuma na kuanza tena. Aliyekuwa akitenda kosa kila wiki akakaa mwaka mzima, kisha akaanguka, amepata mwaka mzima ambao hakuwa nao.

"Kumsaidia yeye ni kuwasahau aliowakosea"

Hofu hii naiheshimu. Aliyeporwa, aliyepigwa, aliyefiwa, ana haki ya kutosamehe, na hakuna anayeruhusiwa kumharakisha. Aliyetoka gerezani asimfuate kuomba radhi kwa kumvizia njiani. Kama kuna mkutano, uwe kwa ridhaa ya aliyekosewa na uwe na mpatanishi mwenye ujuzi. Lakini kila mtu anayetulia na kuishi vizuri baada ya kifungo anapunguza idadi ya watakaoumizwa kesho. Mambo haya mawili hayagombani.

"Athibitishe kwanza kwamba amebadilika, ndipo tumwamini"

Inasikika kama busara. Shida ni kwamba mtu hawezi kuthibitisha uaminifu bila kukabidhiwa kitu. Asiyepewa pesa za kushika hataonyesha kwamba haibi. Tunamngoja abadilike nje ya mlango, ilhali sehemu kubwa ya kubadilika hufanyika ndani, akiwa ameshapewa nafasi. Sisemi afunguliwe kila kitu siku ya kwanza. Mwenye historia ya kuwaumiza watoto asiachiwe watoto, na hilo halina mjadala. Ninasema kuna vingi kati ya kumwachia vyote na kumnyima vyote.

Familia nyingi humpa kitanda, hula naye meza moja, lakini ufunguo wa ziada wa nyumba huufungia kabatini. Hawasemi, naye hasemi, ila anaona. Kila jioni hubisha hodi na kusimama nje mpaka mtu aje kumfungulia, kama alivyosimama miaka yote ile. Mchongeeni ufunguo wake.